UMEUMWA NA NYOKA? USIJIFICHE!

Karatasi hii umepewa bure, usiitupe. Isome mpaka mwisho hata kama wewe si mtu wa kanisani. Habari ya leo ni habari ya nyoka, na nyoka hachagui dini.

Hebu fikiri. Ni asubuhi, mama amekutuma bustanini nyuma ya nyumba ukachume matembele. Unapeleka mkono kwenye majani, mara unaona kitu kimejikunja pale, kina madoa, kimetulia kimya. Moyo unaruka! Jana ulichuma pale pale. Juzi mdogo wako alicheza pale pale. Kumbe mwenzenu alikuwepo!

Sasa utafanyaje?

NYOKA HAJI BURE

Kwanza simama. Rudi nyuma polepole, waondoe watoto, waite watu wazima. Usimchokoze kwa fimbo ili wenzako wakusifu. Na akiuawa usimshike. Kichwa cha nyoka hata kikikatwa bado kinaweza kuuma.

Halafu jiulize, alifuata nini hapa? Nyoka hakuja kukutembelea wewe. Amefuata panya. Panya naye amefuata mahindi yaliyomwagika na takataka zilizotupwa nyuma ya jiko. Nyoka amependa majani marefu, rundo la kuni, matofali yaliyokaa miaka miwili bila kuguswa. Unaweza kumuua huyu leo, lakini kama panya wapo na rundo lipo, mwingine atakuja.

Ndivyo ilivyo na maisha yako, rafiki. Unalia kwamba pombe inakuandama, wizi unakuandama, uasherati unakuandama. Unaomba viondoke. Lakini lile kundi la usiku bado unalo, msokoto wa bangi bado umeuficha chini ya godoro. Fyeka majani! Ondoa rundo! Usifuge panya halafu ukamshangaa nyoka.

ANAYEUMA NI YULE ALIYETULIA

Kuna nyoka anaitwa moma, wengine wanamwita kifutu, wengine bafe. Ni mnene, mfupi, rangi yake kama majani makavu. Huyu hakufukuzi. Ukija hakimbii, analala pale pale njiani akitegemea rangi yake imfiche. Wewe unakuja gizani, miguu mitupu, bila tochi, unamkanyaga. Hapo ndipo anapouma.

Vijana wengi wanamngoja shetani aje na mapembe na moto. Ndugu yangu, haji hivyo. Analala kimya kwenye njia unayopita kila siku. Ni kile kitu kidogo unachosema hakina neno. Vaa viatu, washa taa! Nyumbani washa tochi, na katika maisha washa Neno la Mungu.

USIMJARIBU MUNGU

Wengine watakuambia, "Mwenye imani anamshika nyoka na hapati neno." Sikia. Kule Marekani alikuwepo mhubiri George Went Hensley, aliyejulikana sana kwa kushika nyoka wenye sumu ibadani. Mwaka 1955 aliumwa na nyoka katika ibada huko Florida, akafa. Na wengine wamekufa hivyo baada yake.

Mtume Paulo naye aliumwa na nyoka kisiwani Malta (Matendo 28). Lakini Paulo hakumtafuta nyoka. Alikuwa anaokota kuni, nyoka akatoka kwa sababu ya joto la moto. Mungu akamlinda mtu aliyekuwa kazini, hakuwa kwenye maonyesho. Na shetani alipomwambia Bwana Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, Yesu alikataa. Imani siyo mchezo wa kuigiza.

UKIUMWA, USIFICHE

Sasa hapa ndipo penye uhai na kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani wanakufa kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni watu wa mashambani kama sisi. Na wako wanaokufa kwa sababu ya kuchelewa tu.

Wanachelewaje? Kijana ametoka disko saa nane za usiku, amepita kwenye mashamba ya watu, ameumwa mguuni. Anaogopa baba atauliza alikuwa wapi. Anafunga kitambaa, anaingia kulala. Asubuhi mguu umevimba mpaka paja. Mwingine anapelekwa kwa mtu mwenye jiwe jeusi, linabandikwa siku nzima na sumu inaendelea na kazi yake. Mwingine anachanjwa kwa wembe. Mwingine anafungwa kamba ngumu mpaka damu haipiti na nyama inaoza.

Usifanye hivyo! Ukiumwa, sema. Tulia, usikimbie, usitembee kama unaweza kubebwa. Vua pete, bangili na viatu kabla hujavimba. Kiungo kilichoumwa kitulize kwa kijiti na kitambaa kama mtu aliyevunjika, lakini usikaze. Usikate, usinyonye, usiweke jiwe. Kama swila amekutemea machoni, osha kwa maji mengi safi. Halafu hospitali, upesi! Sumu ya koboko inaweza kuzima pumzi kwa saa chache. Usingoje kuona itakuwaje. Nenda, maombi yatakukuta njiani.

Lakini kijana, kuna jeraha jingine. Soma Mwanzo mlango wa tatu. Nyoka aliingia bustanini, akazungumza kwa upole, na mwanadamu akala sumu. Na Adamu alifanya nini? Alijificha nyuma ya miti! Mungu akaja bustanini, akamwita, akamuuliza yuko wapi. Unafikiri Mungu alikuwa hajui? Alijua. Alikuwa anamtafuta mtu aliyeumwa.

Wewe je? Umejificha wapi leo? Nyuma ya kicheko? Nyuma ya chupa? Binti, umetoa mimba na hujamwambia mtu. Kaka, umeiba pesa ya mzee na mdogo wako ndiye aliyepigwa. Mnatembea mnacheka, lakini ndani kunavimba.

DAWA IKO KATIKA DAMU

Je, unajua dawa ya sumu ya nyoka inatengenezwaje? Tangu miaka ya 1890 imetengenezwa hivi. Farasi anachomwa sumu kidogo kidogo, kiasi kisichomuua. Mwili wake unapigana na ile sumu, na damu yake inapata nguvu ya kuishinda. Kisha damu yake inatolewa, inasafishwa, inakuwa dawa. Mgonjwa aliyeumwa anachomwa dawa hiyo. Yaani mtu anaokolewa kwa damu ya mwingine aliyetangulia kuipokea sumu!

Daktari anajua jambo hilo, na mimi mhubiri nakuambia lipo kubwa kuliko hilo. Farasi anapewa kidogo ili asife. Yesu hakupewa kidogo. Sumu yote ya dhambi ya ulimwengu, yangu na yako, aliibeba pale msalabani. Akafa kweli. Siku ya tatu akafufuka! Damu yake haijapungua nguvu mpaka leo.

Wana wa Israeli walipoumwa na nyoka jangwani, Musa alitengeneza nyoka wa shaba akamweka juu ya mti (Hesabu 21). Aliyeumwa akamtazama, akapona. Hakuulizwa kwanza alikuwa wapi usiku. Yesu mwenyewe alisema naye angeinuliwa vivyo hivyo (Yohana 3:14).

Dawa ikikaa kabatini haimponyi mtu aliyelala nyumbani na jeraha lake. Lazima aje. Njoo!

OMBA HIVI

Hapo ulipo, chini ya mwembe, stendi, au kitandani kwako, sema kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimeumwa. Nilijificha, leo natoka. Dhambi yangu ni hii..." (itaje) "Nakubali ulikufa kwa ajili yangu na ulifufuka. Nisafishe kwa damu yako. Nisaidie kuondoa rundo lote lililomkaribisha nyoka. Amina."

Kama umeomba kweli, usikae peke yako. Leo hii mwambie mtu mmoja aliyeokoka akusaidie kusimama. Yule uliyemkosea, nenda ukamwambie. Na ukifika nyumbani chukua panga, ukafyeke zile nyasi nyuma ya jiko. Mdogo wako anacheza pale.

Mungu akubariki sana. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.