Mtoto Anauliza

Mwaka jana dada yangu, binti wa mama mdogo, alinijia na daftari. "Mdogo wangu, si wewe ndiye mwandishi humu ndani? Nisaidie kupanga maelezo ya mahakamani." Alitaka mahakama itamke kwamba bwana fulani ndiye baba wa mwanawe wa miaka sita. Mimi, kwa kujiona nina busara, nikamwambia aachane nayo. Baba wa kuburuzwa mahakamani atampenda mtoto kweli?

Akacheka, si kwa furaha. "Nani kakwambia natafuta mapenzi? Mtoto ananiuliza baba yake nani."

Ndugu msomaji, hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Nilikuwa nachanganya kupendwa na kujua. Kupenda, hakuna hakimu wa kukulazimisha. Lakini kujua umetoka kwa nani ni deni, na mwenye kulidai ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeliona hilo: ombi la kuthibitisha uzazi laweza kupelekwa na mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii, hata kabla mtoto hajazaliwa. Akishatimiza miaka 18 inabidi kibali maalumu cha mahakama. Hakimu hutazama jina lililo kwenye rejesta ya vizazi, mila alizofanya baba, kama alimkiri mtoto mbele za watu, na kipimo cha vinasaba. Akikataa kupimwa, kule kukataa nako ni ushahidi. Kifungu hicho kilinipendeza na kunitisha, maana sisi vijana wa mjini tumezoea kwamba ukikaa kimya mambo yanapita.

Lakini yule bwana ana mke, ana na watoto wengine. Wao wamekosa nini? Nililipima hili siku kadhaa. Aibu yao nitaihurumia, ila sioni kwa nini ilipwe na mtoto wa miaka sita ambaye naye hajakosa kitu.

Na je, kipimo kikisema siye? Nilimuuliza dada mara moja tu: "Una hakika?" Akaniangalia kama mimi ndiye yule bwana. Sikurudia.

Basi nikaandika, kurasa nne nzuri kweli. Ofisa ustawi akafuta karibu zote, eti mahakama haitaki hadithi. Zikabaki tarehe, majina na ombi la kupimwa.

Shauri bado linaendelea. Upande wa dada sijauhama, ila kuna jambo linanikosesha usingizi. Mtoto ndiye atakayepanguswa mdomoni kwa kijiti cha pamba. Ameuliza baba yake nani, ni kweli, lakini katika sisi wakubwa wote hakuna aliyemuuliza kama jibu analitaka kwa njia hii, na sasa hivi.