Thamani ya Pete ya Uchumba

Pete ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Haina mdomo lakini husema. Haina mkono lakini hufunga. Avaaye pete ya uchumba humtangazia kila amtazamaye kuwa yuko mtu aliyempa ahadi, na kuwa ahadi hiyo ameipokea. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na katika maneno hayo wema wa chanda uliwekwa mbele ya uzuri wa pete. Siku hizi wengi wameupindua mpango huo. Hutazamwa kwanza jiwe lililo juu ya pete, kisha bei ya jiwe, na chanda hukumbukwa mwisho. Kwa hiyo limezaliwa swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu: thamani ya pete ya uchumba ni nini, na hupimwa kwa mizani gani?

Na uwekwe mfano. Kijana wa Bagamoyo, fundi wa kuchonga milango, amemchumbia msichana wa Mlingotini alimaye mwani baharini. Mshenga amepeleka barua ya posa pamoja na kishika uchumba, jibu jema limerudi, na mahari imetajwa. Limebaki jambo moja ambalo halikuwamo katika desturi ya babu zake, lakini limo machoni mwa rika lake: pete yenye almasi. Kijana aenda kwa sonara. Sonara atandika kitambaa cheusi mezani, na juu yake apanga vito vitatu vya ukubwa mmoja. Cha kwanza ni almasi iliyochimbwa ardhini. Cha pili ni almasi iliyotengenezwa kwa mashine. Cha tatu si almasi kabisa; ni zirkonia, jiwe la kiwandani lenye kuigiza almasi. Bei ya cha kwanza yapita akiba yote ya kijana, wala hawezi kuifikia pasipo kukopa. Bei ya cha pili ni sehemu ndogo ya bei ya cha kwanza. Cha tatu ni rahisi kama jozi ya viatu. Kijana avigeuza vyote mbele ya taa asione tofauti. Auliza kama mchumba wake ataiona. Sonara, ambaye ni mtu mkweli, ajibu kuwa kwa macho matupu hataiona. Hapo mtihani waanza, maana mtu hupimwa zaidi kwa jambo ambalo hapana awezaye kuliona.

Kabla ya kumhukumu kijana yafaa kulihoji jiwe lenyewe. Almasi ni kaboni, ndugu ya makaa ya jikoni, iliyogandamizwa kwa nguvu na joto kubwa chini sana ya ardhi mpaka ikawa ngumu kupita mawe yote yajulikanayo kwa asili. Hupimwa kwa karati, na karati 1 ni sehemu ya tano ya gramu. Tanzania haikunyimwa neema hiyo. Huko Mwadui, katika Shinyanga, mgodi ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Mwezi wa Oktoba 1947 liliokotwa huko jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, likatolewa zawadi ya arusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Lilipokwisha kukatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka ili sehemu iliyobaki ing'ae.

Katika mwaka huo huo wa 1947, huko Marekani, mtunzi wa matangazo aitwaye Frances Gerety alitunga kwa ajili ya kampuni ya De Beers maneno machache ya kusema kuwa almasi ni ya milele. Pete za almasi zilijulikana zamani kwa matajiri wa Ulaya; lakini matangazo ya miaka hiyo yalizishusha kwa watu wa kawaida, na baada ya muda yakawafanya waamini kuwa mapenzi yasiyo na jiwe hilo yana upungufu. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Almasi ni nzuri, wala haiwezekani kukana. Walakini ilitembezwa kwa bidii ambayo kitu cha kujiuza chenyewe hakiihitaji.

Watu wa Bagamoyo hawana haja ya kusafiri mbali kujifunza kuwa thamani ya mapambo hutokana na mapatano ya watu. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji iliondoka katika mji huo na mizigo ya nguo, waya na ushanga wa kioo, ikarudi na pembe za ndovu. Na biashara ya aibu ya watumwa ilipita katika njia hiyo hiyo. Ushanga ulikuwa fedha ya safari. Lakini kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa mali mahali pamoja, na mahali pengine rangi nyingine ndiyo iliyotakiwa. Kiongozi wa msafara aliyekosea kuchagua aliweza kukosa chakula hali mizigo yake ni kamili. Kioo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nia ya watu.

Je, yafuata kuwa pete ni upuuzi? La. Neno nalo ni sauti tu iliyopewa maana kwa mapatano, lakini kwa neno watu huoa, huuza, huapa na huusia. Kitu chenye maana ya mapatano si kitu kisicho na maana. Pete ni neno lililofanywa kwa madini. Na kama ni neno, swali kubwa si kama jiwe ni la kweli, kwa kuwa jiwe halisemi kweli wala uongo. Swali ni kama kweli imo katika jambo ambalo mtu asema kwa jiwe hilo.

Yuko atakayesema: kijana na achukue zirkonia, amwambie mchumba wake kuwa ni almasi, naye afurahi. Furaha yake itakuwa ya kweli, akiba itasalimika, na hapana atakayedhurika. Hoja hii ina nguvu, wala haivunjwi kwa kusema kuwa njia ya mwongo ni fupi, maana uongo mwingine una njia ndefu na hufika kaburini bila kukamatwa. Hoja yenyewe na ijibiwe. Kijana huyu ni fundi. Anajua kuwa mti hafifu waweza kupakwa rangi ukafanana na mninga, na mnunuzi akaupitia mlango wake miaka mingi pasipo kujua. Angekasirika kama fundi mwenzake angefanya hivyo, na hasira yake isingengoja mlango uoze. Angesema kuwa mnunuzi amenyang'anywa uamuzi wake: alichagua jambo moja akapewa jingine, na aliyempa alimfanya mtoto asiye na haki ya kujua. Kama hayo ni dhuluma kwa mgeni aliyenunua mlango, vipi yatakuwa hisani kwa mwanamke atakayelala nyumba moja na fundi? Tena furaha ya msichana haikukielekea kile kioo. Ilielekea jambo aliloambiwa, na jambo hilo halikuwako.

Mwingine atauliza kama adabu haimkatazi mtu kutaja bei ya zawadi. Ni kweli, yakataza. Lakini staha na uongo ni vitu viwili. Anyamazaye bei huuhifadhi moyo wa apokeaye usione mzigo. Aitaye kitu kwa jina lisilo lake huipofusha akili ya apokeaye isione kitu. Staha hukoma pale swali linapoulizwa, au pale jambo lililofichwa linapokuwa mzigo wa wote wawili.

Hapo yafaa kukitazama kile kito cha kwanza, ambacho wengi hudhani kuwa hakina lawama. Kijana aweza kukopa, akanunua almasi iliyochimbwa, akaivika chandani mwa mchumba wake pasipo kumwambia habari ya deni. Jiwe ni la kweli, jina lake ni la kweli, na cheti kipo. Hata hivyo pete hiyo inasema uongo mkubwa kuliko ule wa zirkonia. Yasema: huyu ana uwezo, kumbe hana. Yasema: hii ni zawadi, kumbe mpokeaji atailipa mwenyewe katika unga utakaopungua, na kodi ya nyumba itakayochelewa, na mwani wake utakaouzwa ili mkopeshaji anyamaze. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema kuwa deni ni ahadi. Mtu aliyeahidi kumtunza mwenziwe, akaanza kwa kumtwisha gharama asiyoijua, ameivunja ahadi katika tendo lile lile la kuitoa.

Basi hukumu yageuka kinyume cha desturi ya macho. Jiwe la kuigiza lililotajwa kuwa ni la kuigiza ni zawadi ya kweli. Almasi iliyonunuliwa kwa deni la siri ni zawadi ya kuigiza. Kadhalika almasi ya mashine. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kuitengeneza mwaka 1954, kwanza kwa kazi za viwanda, na leo hutengenezwa nzuri kiasi ambacho kifaa kidogo cha sonara cha kupima upitaji wa joto, kiwezacho kuikataa zirkonia, hakiwezi kuitenga na ile ya Mwadui. Hutakiwa vyombo vya maabara. Si haramu kuinunua. Kosa ni kuificha nasaba yake.

Watu wa pwani wamefundishwa jambo hili zamani. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kuwa maskini mmoja alitaka kuoa, akaambiwa na Mtume atafute japo pete ya chuma. Hakuipata. Alisema waziwazi mbele ya watu kuwa hana kitu ila shuka aliyoivaa, akaozwa kwa Kurani aliyoihifadhi. Wasimuliaji wengi husifu wepesi wa mahari hiyo, nao wana haki. Lakini iko sifa nyingine ya kutazamwa. Mtu yule hakuazima pete ili aonekane. Alihesabu umaskini wake kwa sauti, na juu ya hesabu hiyo ndoa ikajengwa. Posa ya pwani, pamoja na wingi wa gharama zake, ina hekima hiyo hiyo: mahari hutajwa, mashahidi husikia, na kila upande hujua kilichotolewa na kilichobaki. Pete ya almasi imeingia mlango wa nyuma. Hununuliwa na mtu mmoja kwa siri, nayo huletwa kwa ghafula ili ishangaze; na jambo liletwalo kwa kushangaza halina shahidi.

Lakini si haki lawama yote iwekwe begani mwa kijana. Anayedai kitu ambacho mwenziwe hawezi kukitoa huwa ameagiza uongo, hata kama hakuutaja. Mama akiuliza kwanza jiwe ni la karati ngapi kabla hajauliza mkwe ni mtu wa namna gani, na mashoga wakishika mkono wa bibi arusi ili wapime badala ya kupongeza, wanamfundisha kijana njia ya kwa mkopeshaji. Sheria nayo haifiki mbali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa, na kudai zawadi irudishwe ikiwa ilitolewa kwa sharti la ndoa na ndoa haikufungwa. Mahakama yaweza kuirudisha pete. Haina uwezo wa kurudisha imani.

Inafaa kuiuliza dhahabu yenyewe, maana pete si jiwe tu. Dhahabu safi ni ya karati 24, lakini ni laini. Jiwe lililoshikwa nayo hulegea na kuanguka. Kwa sababu hiyo sonara huichanganya na shaba au fedha. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za madini mengine, nayo hushika jiwe imara zaidi. Hapana mtu aiitaye udanganyifu, kwa kuwa imepigwa chapa ya kiasi chake. Ingekuwa udanganyifu kama chapa ingesema 22. Upendo wa binadamu nao hauji safi; umechanganyika na haya, tamaa, woga wa kuchekwa na haja ya kusifiwa. Mchanganyiko huo si aibu, wala huenda nyumba isingesimama bila huo. Kinachotakiwa ni chapa iliyo sahihi.

Yamkini njia iliyo njema kwa fundi wa milango ni kuondoka dukani siku ile bila kununua. Arudi siku ya pili pamoja na mchumba wake, akifuatana na shangazi yake kama adabu itakavyo. Sonara atandike tena kitambaa cheusi, avitaje vito vitatu kila kimoja kwa jina lake na bei yake, na kijana aitaje akiba yake. Ni jambo zito kwa mwanamume kusema mbele ya ampendaye kuwa uwezo wake wafika hapa, haupiti. Lakini atakuwa amelisema mapema, katika duka, mbele ya shahidi, na si baada ya miaka mitatu mlangoni, mbele ya mkopeshaji. Kito chochote watakachokichagua baada ya maneno hayo kitakuwa na thamani yake kamili. Na kama hawatachagua hata kimoja, wakatoka na pete tupu ya fedha, chanda kitakuwa kimevikwa.