Fadhila na Deni Lake: Neno Moja katika Maadili ya Kikatoliki

Anayefundishwa katekisimu kwa Kiswahili hukutana mapema na neno fadhila. Huambiwa kwamba ziko fadhila tatu za Kimungu, yaani imani, matumaini na mapendo, na nyingine nne ambazo mwenendo mwema huzizungukia kama mlango unavyozungukia bawaba: busara, haki, nguvu na kiasi. Huikariri orodha hiyo kabla ya kipaimara, na aghalabu haulizi kwa nini neno lile lile ambalo mama yake alilitumia jana kumsema jirani asiye na fadhila limepewa kazi ya kutaja sifa ya nafsi. Makala haya yananuia kulirudia swali hilo. Tunadai kwamba maana hizi mbili hazikukutanishwa na uzembe wa watafsiri, na kwamba ugomvi uliopo baina yazo ndio ugumu wenyewe wa kuishi kwa fadhila katika jamii kama yetu.

Tuanze na lugha. Mzizi wa neno ni wa Kiarabu, na dhana iliyomo ni ile ya ziada, ya kile kilichozidi haja. Katika Kiarabu ukoo huo una neno la ukarimu unaotolewa bila kudaiwa na neno jingine la ubora wa tabia. Kiswahili kilipoupokea ukoo huo kiliegemea upande wa kwanza. Kufadhili ni kumtendea mtu jambo ambalo hakuwa na haki ya kulidai; mfadhili ni mwenye kutenda hivyo, awe jirani au shirika linalogharimia mradi wa maji; naye asiye na fadhila ni yule asahauye alivyotendewa. Methali zetu zinalielewa jambo hili kama hesabu. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Shukrani ya punda ni mateke. Hata ile inayoonekana kuifuta hesabu, tenda wema nenda zako, inaithibitisha, kwa maana hakuna haja ya kumhimiza mtu aende zake ila kama kawaida yake ni kusimama pale pale akingoja malipo.

Kwa hiyo fadhila ya mitaani iko baina ya watu wawili, na kila inapotendwa huacha deni. Fadhila ya katekisimu, kwa upande wake, imo ndani ya mtu mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992 chini ya Papa Yohane Paulo wa Pili, inaieleza kuwa mwelekeo thabiti na wa kudumu wa kutenda mema. Nyuma ya maelezo hayo yupo Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 akiiacha Summa Theologiae haijakamilika, na nyuma ya Tomaso yupo Aristotle. Kwao fadhila ni hali iliyokaa katika nafsi kwa kurudiarudia matendo: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama seremala anavyokuwa seremala kwa kuranda mbao. Waandishi wengine wa Kikatoliki wameuona utata huu wakachagua neno maadili, na ndipo tunaposoma juu ya maadili bawaba. Suluhisho hilo lina nadhifu yake, lakini siliungi mkono. Maadili siku hizi yamekuwa jina la kanuni zinazobandikwa ukutani. Fadhila ingali na joto la mkono uliotoa.

Ugomvi wenyewe niliujua kabla ya kuusoma. Mzee aliyenifundisha katekisimu, ambaye pia alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, ndiye aliyenilipia karo ya muhula wa kwanza wa sekondari baba yangu alipokuwa hana kitu. Hakuwahi kunikumbusha. Miaka mingi baadaye alinijia ofisini, kofia mkononi, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi. Mjukuu wake alikuwa amepata alama 37 katika somo langu, na kiwango cha kufaulu kilikuwa 40. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Mwanangu, nimekuja kukujulisha kwamba yule ni wetu." Nikamjibu, "Nimekusikia, Mwalimu." Alipoondoka niliitoa karatasi ya yule kijana nikaisoma upya. Alama zilikuwa 37. Nikaisoma mara ya pili, kisha mara ya tatu. Usomaji wa kwanza naweza kuutetea mbele ya mtahini yeyote. Huo wa tatu siwezi, kwa sababu kufikia hapo sikuwa nikipima jibu, nilikuwa nikitafuta alama tatu. Sikuzipata, na matokeo yakabaki yalivyokuwa.

Je, nilitenda fadhila au niliinyima? Katika Kiswahili cha kijijini kwetu jibu lilijulikana kabla jua halijatua: sina fadhila. Katika lugha ya Tomaso mambo yanahitaji subira zaidi, na hapa ndipo wengi wanaomtaja kama mtetezi mkavu wa sheria wanapomkosea. Kwanza, yeye haidharau shukrani. Anaiweka kuwa fadhila kamili, iliyoambatana na haki, na kumsahau mfadhili kwake ni dhambi. Mama aliyemsema jirani na mwanateolojia wa Paris wangepatana katika hilo. Pili, anazungumzia moja kwa moja kosa la kugawa mali ya jumuiya kwa kumwangalia mtu badala ya kustahili kwake, na miongoni mwa mifano yake anachukua wa chuo kikuu: anayempandisha mtu awe mwalimu mkuu kwa sababu ana elimu ya kutosha ameangalia sababu inayofaa; anayempandisha kwa kuwa ni fulani tu ameangalia uso. Mfano huu wa karne ya 13 haujachakaa katika vyuo vyetu.

Tukiyaweka mafundisho haya mawili pamoja, deni la shukrani linabaki kuwa deni la kweli, ila hulipwa kutokana na kilicho changu. Karo aliyonilipia mzee ilitoka katika mshahara wake. Alama tatu nilizozitafuta hazikuwa zangu. Zilikuwa za wanafunzi wote waliofanya mtihani ule, hasa yule aliyepata 38 na hakuwa na babu wa kumtuma. Wanaoyalaumu mazoea yetu ya kusaidiana kuwa ndiyo chimbuko la ufisadi wanakosea pabaya. Kusaidiana si kosa. Kosa ni ukarimu unaofanywa kwa mfuko wa mwingine.

Hata hivyo, tusijifanye kwamba uchanganuzi huo unatosha kuutuliza moyo. Lugha yetu inajua zaidi. Jina la uovu tunaouzungumzia ni upendeleo, na neno hilo limezaliwa na kitenzi kile kile kilichozaa upendo, ambao ni fadhila ya Kimungu iliyo kuu kuliko zote. Kimofolojia tofauti ni viambishi vya kutendea: kupenda kumegeuzwa kwa ajili ya mtu fulani. Si rahisi kupata katika Kilatini cha Tomaso, ambacho kinalitaja kosa hili kwa picha ya kupokea nyuso, ushahidi wa wazi namna hii kwamba dhuluma inaweza kuchipuka katika shina la mapendo. Ndiyo maana mwenye kutenda upendeleo mara nyingi hajioni mwovu. Anajiona mwenye utu.

Hapa swali la pili linatokea, nalo linatuhusu sisi wahakiki. Nilipoisoma karatasi ile mara ya tatu niliteseka. Wapo watakaosema kwamba mateso hayo ndiyo yaliyolipa tendo langu thamani. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili, anamwona mtu anayetenda wema pasipo mwelekeo wowote wa moyo, kwa wajibu mtupu, kuwa mfano ulio dhahiri wa thamani ya kimaadili. Ufundishaji wa fasihi umetuzoesha fikira iliyo jirani na hiyo. Tunamtafuta mhusika mwenye mgogoro wa nafsi. Tunamsifu mwandishi aliyemkata mhusika wake vipande viwili. Naye mhusika atendaye mema bila kuyumba tunawafundisha wanafunzi wamwite bapa, kisha tunaendelea na ukurasa unaofuata.

Mapokeo ya Kikatoliki yanasema kinyume. Tomaso anamtofautisha mwenye kujizuia na mwenye kiasi. Wa kwanza ana tamaa kali na anaishinda. Wa pili tamaa zake zenyewe zimekwisha kufunzwa. Mshindi wa vita hivyo anastahili sifa, lakini hajafika. Alama ya fadhila iliyokomaa ni wepesi, utayari na hata furaha katika kutenda. Kwa kipimo hicho siku ile nilitenda jambo la haki bila ya kuwa mtu wa haki. Nilikuwa mwenye kujizuia tu. Ninamfahamu mwalimu mwenzangu ambaye hakuna mzee anayekwenda ofisini kwake na kofia mkononi, wala si kwa sababu ni mkali. Wanamtembelea nyumbani, wanakunywa chai yake, na habari ya alama haiwapitii akilini. Haki yake imekuwa sehemu ya sura yake. Riwaya ya maisha yake, nadhani, ingewachosha wanafunzi wangu.

Je, mtu kama huyo ni bapa? Tumtazame Adili katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Jina lake limekwisha kusema yote, na wahakiki hawakukawia kumwainisha. Lakini kiini cha kisa ni kwamba Adili, kwa amri ya jini, analazimika kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa uovu wao, na analitenda jambo hilo kwa huzuni. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu na hakuwa akifafanua katekisimu ya mtu. Hata hivyo tukio hilo linaujibu uhakiki wetu vizuri kuliko nadharia nyingi. Adili hayumbi, lakini anaumia. Tomaso naye, anapouliza kama mwenye nguvu hufurahia tendo lake, anakiri kwamba maumivu yanaweza kuifunika furaha hiyo isihisiwe. Wepesi wa fadhila, basi, si ganzi. Moyo unaweza kulia bila ya mkono kutafuta njia ya kukwepa, na pengo hili kati ya kulia na kukwepa ndilo ambalo istilahi ya mhusika bapa haina jicho la kuliona. Nakiri kwamba nimeifundisha istilahi hiyo kwa miaka mingi bila kuitilia shaka.

Inabaki namna ya kufika huko. Mazoezi ndiyo jibu la kwanza, na Kiswahili kinaliafiki: muungwana ni kitendo. Neno letu tabia hutaja maumbile ya mtu na vilevile mazoea yake, kana kwamba lugha imekubali tangu zamani kuwa mazoea hatimaye huwa maumbile ya pili. Lakini mazoezi bila busara huzaa watu wagumu. Busara kwa maana ya Kikatoliki haina uhusiano na ujanja wa kujihifadhi. Ni uwezo wa kuona jambo jema linatakaje kutendwa hapa, kwa mtu huyu. Kukataa kubadili alama kulikuwa sehemu ndogo ya nilichodaiwa. Sehemu kubwa ilikuwa kutafuta kilicho changu ambacho ningeweza kukitoa, na hilo lilinichukua wiki mbili kuliona, wiki ambazo nilizitumia kujihurumia. Nilikuwa na Jumamosi zangu. Yule kijana alikuja Jumamosi sita kabla ya mtihani wa marudio, na mtihani huo aliusahihisha mwenzangu.

Jibu la pili haliko mikononi mwetu. Kanisa linafundisha kwamba fadhila za Kimungu hazipatikani kwa mazoezi. Humiminwa na Mungu, na hizo nne za bawaba nazo huhitaji neema ili zisafishwe na kuinuliwa. Hapa maana ya mitaani, ambayo tulikuwa tumeiacha mlangoni kana kwamba haikusoma, inaingia na kuketi. Imani, matumaini na mapendo ni fadhila kwa maana ile ya mama yangu: jambo nililotendewa bila ya kuwa na haki ya kulidai. Zinaacha deni, na Mfadhili hana haja ya kulipwa, hivyo deni linaelekezwa kwa wengine, wakiwamo wale wasiowahi kunitendea lolote, kama yule mwenye 38. Mfasiri wa kwanza aliyelichagua neno hili kwa katekisimu huenda alikuwa na kamusi moja tu mezani. Hata kama ni hivyo, alichagua vyema.

Kijana alifaulu kwa alama 46. Mzee hakuja tena ofisini, wala sikutarajia aje. Krismasi iliyofuata tulijikuta benchi moja kanisani nyumbani, na padri alipotualika kutakiana amani alinigeukia akanipa mkono, akauliza habari za watoto. Mjukuu hakumtaja. Mpaka leo sijaweza kuamua kama mkono ule ulikuwa wa Misa au ulikuwa wake.