Sura Iliyojengewa Sementi

Kwenye maboma mengi ya Rongo, Ujaluoni, kando ya barabara iendayo Migori, kaburi hujengwa ndani ya ua, hatua chache kutoka nyumbani. Hupigwa lipu, huvikwa vigae, na upande wa kichwani fundi huacha nafasi ya picha. Mara nyingi ni picha ya kitambulisho, imekuzwa na kuchapishwa studio mjini, ikafunikwa kioo na kuzibwa pembeni kwa saruji. Masika yakirudi mara kadhaa unyevu hupenya. Wekundu hutangulia kutoka. Uso hubaki wa samawati, na macho bado yanatazama mlango wa nyumba.

Hakuna anayeliita kazi ya sanaa. Lakini umbo limo, maada za namna namna zimo, picha ya kuchapwa imo, na mila ya kumlaza mtu kwao imo. Picha hiyo ingeweza kukaa salama ndani ya albamu. Inapata nini kwa kujengewa sementi na kuachwa mvuani?

Kiswahili cha zamani hakikutenganisha sana picha na umbo. Neno sanamu lilibeba mchoro wa karatasini na umbo la kuchongwa pia. "Picha" ilikuja baadaye kutoka Kiingereza ikachukua upande wake.

Mwanafalsafa John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyajenga mawazo yake juu ya maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Marehemu, kwa maelezo yake, hukaa katika sasa maadamu yupo aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Akiondoka wa mwisho kati ya hao, marehemu huzama katika zamani. Picha inaonekana kuuvunja mpaka huo, kwa kuwa humwonyesha mtu hata kwa wasiomjua. Ila Mbiti alishikilia jina, na jina halionekani kwa kamera.

Ushahidi upo Ujaluoni kwenyewe. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alipita huko akipiga picha, ambazo hatimaye ziliingia Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Nyuso zilihifadhiwa vizuri kabisa, mbali na watu wa kuzitaja. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walizirudisha, wakazitundika katika maboma kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuwaza ya kale. Hapo wajukuu waliweza kusimama mbele ya picha na kusema huyu ni nani. Miaka 71 ya hifadhi ilikuwa imetunza karatasi. Boma ndilo lililomrudisha mtu.

Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, amekwenda njia nyingine. Katika kolaji zake hukata midomo na miguu kutoka magazeti ya mitindo, akaunda viumbe ambao hawajapata kuwapo. Kazi hizo zina nguvu ya kweli, na nguvu hiyo inatokana na kwamba hakuna atakayeuliza midomo ile ni ya binti wa nani. Kaburi la Rongo haliwezi kujiruhusu uhuru huo.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Tom Mboya, mwanasiasa aliyezaliwa 1930, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, mwaka uleule wa kitabu cha Mbiti. Jengo la kaburi lake limepewa umbo la risasi. Ndani mna picha zake na mkoba aliokuwa nao siku ile. Anayelitazama kwa nje anaona jinsi mtu alivyokufa. Akiingia anaona jinsi alivyoishi. Zing'olewe picha, ukuta ule utabaki kumsifu muuaji. Zipelekwe picha mahali pengine, zitakuwa za mwanasiasa yeyote mwenye suti.

Basi msomaji aliye na picha za wazee ukutani asikimbilie kuzikuza. Akae kwanza na bibi, aulize kila uso ni wa nani na wa ukoo gani, kisha aandike majina kwa penseli nyuma ya karatasi, kabla fundi hajachanganya saruji.