Ya Kale Yasifutwe kwa Jina la Kumbukumbu

Mwaka 1688, katika mji wa Basel, mwanafunzi wa uganga aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na moja la maumivu, akaipa jina hali ya Waswisi waliodhoofika ugenini kwa kuikumbuka nchi yao. Ndiyo nostalgia. Yeye aliihesabu kuwa ugonjwa. Leo imekuwa bidhaa.

Tazameni michezo ya video. Waliocheza Final Fantasy VII mwaka 1997 wangali vijana, waliuziwa mwaka 2020 sehemu yake ya kwanza iliyoundwa upya. Kazi hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni kung'arisha: mchezo ni uleule, ila picha na sauti zimesafishwa, kama nyumba iliyopakwa chokaa. Ya pili ni kuunda tangu msingi, kama nyumba iliyobomolewa, ikajengwa nyingine mahali palepale kwa jina lilelile.

Je, ni kosa? Twasema, hasha. Mzazi atakaye kumwonyesha mwanawe kilichomfurahisha utotoni hafanyi baya. Tena mchezo ule wa 1997 ungali unauzwa, mpya haukuufuta.

Ubaya huanza pale kipya kinapotaka kukaa peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya Rockstar Games iliondoa sokoni matoleo ya zamani ya michezo mitatu ya Grand Theft Auto, ipate kuuza yaliyong'arishwa. Haya yalipotoka na kasoro nyingi, wanunuzi walinung'unika, nayo kampuni ikaomba radhi na kuwarudishia ya kale wenye kompyuta. Na uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba michezo 87 katika kila 100 iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikitolewa tena kwa kuuzwa.

Kumbukumbu hupamba. Tuukumbukapo mchezo wa utoto, aghalabu tunachokitamani ni ndugu aliyeketi kando yetu, na mchana usio na kazi. Hayo hayauzwi. Basi aufichaye mchezo wa kale hutunyima shahidi wa kweli: kwamba picha zilikuwa hafifu, nasi tuliridhika, kwamba furaha ile haikutoka katika picha. Watoto wetu wanayo haki ya kulijua hilo. Tununue kipya tukipenda, lakini hapana budi tudai cha kale kibaki.