Kufuli la tranka na fumbo la Utatu

Christopher Mwoleka alikuwa Askofu Mkatoliki wa Rulenge, mkoani Kagera, Tanzania, kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Kilichomfanya ajulikane mbali na milima ya Ngara ni kwamba hakutosheka kuhubiri umoja akiwa altareni. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akafanya kazi za mikono pamoja na wanakijiji. Joseph Healey, padre Mmarekani wa Maryknoll aliyeishi hapo miaka hiyo, aliandika habari za maisha hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1981.

Nyuma ya uamuzi wa askofu huyo kulikuwa na hoja ya kiteolojia. Mwaka 1975, katika jarida la kichungaji la AFER, Mwoleka alieleza kuwa Wakristo wamezoea kuuchukulia Utatu Mtakatifu kama kitendawili cha kuumiza vichwa, wakati Mungu aliufunua ili watu wauishi. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu. Hakuna anayemezwa na mwenzake, wala hakuna aliyeficha kitu kiwe chake peke yake. Anayetaka kumjua Mungu wa namna hiyo hana budi kujifunza kushirikiana na wengine mali, kazi, mawazo na muda wake.

Hoja hiyo imejadiliwa sana seminarini na katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo Rulenge ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyozipa uzito mapema. Bweni la wasichana halitajwi sana katika mjadala huo, nalo ni mahali pagumu na pazuri pa kuipima. Vijana wasiochaguana wanalala chumba kimoja, wanakula chungu kimoja na kuamshwa na kengele moja. Je, kuishi pamoja kwa kupangiwa kunaweza kuzaa umoja wa kweli, au ni msongamano tu wenye ratiba?

Wakati wa kuliuliza swali hilo ni kiangazi. Muhula wa pili hufunguliwa Julai, mvua zikiwa zimekatika, nyasi za vilima vya Biharamulo zimekauka na vumbi jekundu limetanda juu ya migomba ya kando ya njia. Kidato cha Sita wameshamaliza mtihani wao wa Mei na kuacha vitanda vitupu. Wanaokuja kuvijaza ni Kidato cha Tano waliopangiwa shule na TAMISEMI, wengine wakitoka mikoa ya mbali kabisa. Mabasi yakishapita Nyakanazi na Lusahunga, binti aliyekulia pwani huanza kuona nchi asiyowahi kuiwazia. Anashuka na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, fagio, jembe, rimu ya karatasi na vyote vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Na tranka.

Tranka ni sanduku la bati lenye pembe kali, jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi juu ya kifuniko. Kufuli lake ni dogo, na ufunguo huning'inia shingoni kwa uzi au hufichwa ndani ya soksi. Humo mna sabuni za mche, pedi, sukari iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, karanga alizokaanga mama, barua na picha. Kwa msichana wa miaka 17 asiye na chumba wala kona yake, sanduku hilo ndiyo nyumba yake yote. Ingekuwa rahisi kusema kuwa kufuli hilo linapingana na mafundisho ya Mwoleka. Ukweli ni kwamba bila kufuli hakuna cha kutoa. Kinachochukuliwa bila ruhusa ni kitu kilichoibwa, na wizi bwenini huvunja urafiki kuliko ugomvi wowote. Kugawana huanza pale mwenye ufunguo anapoamua mwenyewe kufungua.

"Dada, naomba kipande cha sabuni." "Chukua, njuka. Ila uniachie ya kufulia soksi."

Maneno kama hayo husikika kila Jumamosi asubuhi kwenye kamba za kuanikia. Njuka ni mgeni, na dada ni yeyote aliyetangulia. Ndani ya wiki chache njuka atakuwa amejua zamu za kudeki, mstari wa bwalo, saa ya prepo, yaani ya kujisomea, nani anaongoza nyimbo za mchakamchaka alfajiri, na bomba lipi hukauka la kwanza. Kiangazi kikikolea, maji huwa mtihani. Ngara ni nchi ya vilima, na chemchemi nyingi ziko mabondeni, kwa hiyo mtungi wa jikoni na ndoo ya kuogea hutegemea miguu ya wasichana. Anayepanda kilima na ndoo ya lita 20 kisha akammiminia nusu mwenzake aliyelala na homa ametoa sadaka kubwa. Hakuna kifungu cha sheria za shule kinachomlazimisha.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliziweka shule za bweni katika kundi moja na kambi za jeshi na meli: mahali ambapo mtu hulala, hucheza na kufanya kazi chini ya mamlaka moja, kwa ratiba moja, mbele ya macho ya wengine. Alichokihofia Goffman ni kwamba mahali pa namna hiyo humvua mtu nafsi yake.

Kagera ina ushahidi wake wa hofu hiyo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, ambayo leo iko Muleba, wilaya jirani na Biharamulo, wasichana watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Hali hiyo ilienea hadi ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tena Mei, wengine 57 walipatwa. Walimu hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip, walioichunguza na kuchapisha ripoti mwaka 1963, hawakupata sumu wala kidudu cha ugonjwa. Watafiti wa baadaye wameeleza kuwa ni msongo wa mawazo ulioambukizana kati ya watu waliobanwa pamoja. Kisa hicho kimesimuliwa duniani kama kichekesho, na hilo linauma, kwa maana waliougua walikuwa watoto wanaoteseka. Wasichana wale walikuwa kitu kimoja kwa namna ya kutisha. Aliyecheka hakuwa amechagua kucheka, wala aliyelia hakuwa na machozi yake mwenyewe.

Huo si umoja aliouwaza Mwoleka. Katika Utatu nafsi hazichanganyiki. Mwana si Baba, na upendo kati yao una maana kwa sababu wao si mmoja yuleyule. Mtu akilisahau hilo, anaweza kuita umoja kila mahali watu walipokusanywa, na wilaya za Ngara na Biharamulo zimeiona mikusanyiko mingi. Novemba 1973 Serikali iliagiza watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya ujamaa ifikapo mwisho wa 1976, na sehemu nyingi za nchi agizo hilo lilitekelezwa kwa nguvu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa miongoni mwa kambi za wakimbizi kubwa kuliko zote duniani. Amri huleta watu pamoja. Hofu nayo huwaleta. Wakishafika, kazi ya kuwa jamii bado haijaanza.

Kwa hiyo bweni halihukumiwi kwa sababu tu limewakusanya wasichana bila kuwauliza. Familia nayo haimuulizi mtoto kabla ya kumzaa. Linahukumiwa kwa nafasi linayoiacha ndani ya ratiba yake. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jamii inayolima, inayojilisha na inayowashirikisha wanafunzi katika maamuzi. Palipo na baraza la wanafunzi linalosikilizwa, shamba la maharage huwa mali ya wote. Palipo na kiranja anayelimisha wenzake kama adhabu, jembe lilelile hufundisha chuki.

Dini ndiyo inayoonyesha wazi zaidi umoja usiochanganya nafsi. Katika shule nyingi za serikali wasichana wa vyama vya dini vya wanafunzi, Wakristo wa TYCS, UKWATA na CASFETA na Waislamu wa TAMSYA, hulala vitanda vya juu na chini. Ijumaa mmoja huchukua kanga na mkeka kwenda kuswali, Jumamosi Msabato hupumzika, Jumapili kwaya hujaza darasa lililogeuzwa kanisa. Anayebaki bwenini humwangalizia mwenzake nguo zilizoanikwa. Hakuna anayeacha imani yake ili aishi na mwingine. Msichana Mwislamu hahitaji kuukiri Utatu ili ampe jirani yake Mkatoliki nafasi ya kusali rozari kwa utulivu. Bila kukusudia, wote wawili wanatenda lile ambalo askofu alitumia maisha yake kulieleza.

Lakini jamii yoyote hujulikana pia kwa wale inaowatoa. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania Bara aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 kuhusu makosa ya maadili zilitumika kuhalalisha hilo. Juni 2017 Rais John Magufuli alisisitiza hadharani kuwa aliyejifungua hatarudi. Novemba 2021 Serikali, kupitia Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurudi.

Wanafalsafa wawili wa Afrika wanasaidia kuona kilichobadilika. Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba utu hupatikana hatua kwa hatua kupitia jamii, na mtu anaweza kushindwa kuufikia. Mghana Kwame Gyekye alimjibu kuwa mtu ni mtu kabla jamii haijampima, na ana haki ambazo jamii haikumpa. Katika suala la binti mjamzito, Gyekye ana hoja yenye nguvu zaidi. Utu unaofutwa na mimba haukuwa utu, ilikuwa ruhusa tu. Mwoleka pia angesimama upande huo, maana Utatu wake haumtoi mmoja ili wawili wabaki safi.

Tangazo hilo halikumaliza shida. Bweni la wasichana halina kitanda cha mtoto mchanga, na ratiba ya prepo haijui kunyonyesha. Anayerudi bwenini lazima amwache mtoto nyumbani kwa bibi, na bibi huyo lazima apate maziwa, sabuni na mtu wa kumpokea mtoto siku ya kliniki. Hapo shule peke yake haiwezi. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo Mwoleka alizitaka zikutane majumbani mwa watu, zina nafasi ya kufanya kazi ambayo sala ya wiki haikamiliki bila hiyo: kupanga nani atapeleka lita ya maziwa Jumatatu, na nani atampigia simu matroni ili mama aliye Kidato cha Tano ajue mwanawe ameshiba.