Bakuli la Marehemu

Bakuli lililojengewa ukutani halipakuliwi mchuzi. Pale Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, makaburi ya kale ya Waislamu yalipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, yamezamishwa katika chokaa, midomo ikitazama nje. Kule Mambrui, karibu na Malindi, nguzo ya kaburi ilifanyiwa vivyo hivyo. Chombo cha kulia akapewa marehemu, ambaye hali wala hanywi.

Kwa nini?

Utajiri, hujibu wengi, na jibu hilo lina ukweli. Vyungu vya pwani vilichomwa kwa moto wa wazi na kubaki na vinyweleo; ukitia maji, chungu hutoka jasho. Kauri ya kijani ya Longquan, China, iliyofika Kilwa na Gede, ilipakwa uji wa majivu na mawe yaliyosagwa, kisha ikatiwa katika tanuri lenye joto linalokaribia au kupita nyuzi 1,200, hata uji ukayeyuka ukawa kioo. Chuma kidogo kilichomo, kwa kunyimwa hewa tanurini, ndicho kilichozaa ukijani ule. Bakuli la namna hiyo, lililovuka bahari kwa pepo za kaskazi, halikuwa la kila mtu.

Lakini hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inakataza kupaka makaburi chokaa na kujenga juu yake. Watu wa pwani walikuwa na wanazuoni wao, na bado walipamba. Je, ni kiburi tu?

Msikiti Mdogo wa Makuba, Kilwa Kisiwani, unalifanya swali kuwa gumu zaidi. Humo mabakuli yaliwekwa ndani ya makuba, juu ya vichwa vya wanaosali, mahali pasipo na maiti wa kutukuzwa. Sura ya Nur inaipigia mfano nuru ya Mungu kwa taa iliyo ndani ya kioo. Aliyeihifadhi sura hiyo tangu utotoni, akiinua macho na kuona mwanga wa mlangoni ukicheza darini, angewezaje kuona pambo tupu?

Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliona jingine. Katika utenzi wake, Al-Inkishafi, vidaka vya nyumba za Pate vilivyopangwa vyombo vya kauri vimekuwa viota vya ndege: kwake, mng'aro ule ni hadaa ya dunia. Hoja yake humwelemea anayesimama Kunduchi leo. Mabakuli mengi yameng'olewa. Yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa, na hapa na pale kitako kilichogoma kutoka, kikiwaka jua linapokipiga.